Anwani: Jina au Mahali? Historia ya Bahasha katika Vituo vya Data

1. Utangulizi

Neno anwani lina maana mbili katika Kiswahili. Kwa maana ya kwanza, anwani ni maelezo yanayoandikwa juu ya barua ili ifike inakokwenda. Kwa maana ya pili, ni jina la kitabu, la insha au la shairi. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, na maana zote mbili zimeishi pamoja katika matumizi ya Waswahili bila ugomvi, kwa kuwa muktadha huamua ipi inakusudiwa. Hata hivyo, tofauti baina yake ni kubwa. Maana ya pili hutaja kitu chenyewe, yaani ni jina. Maana ya kwanza huelekeza pale kitu kilipo, yaani ni mahali.

Utaratibu wa posta katika nchi za Afrika Mashariki umeitenga tofauti hiyo kwa muda mrefu. Barua inayoandikiwa Sanduku la Posta haielezi mpokeaji analala wapi. Mtu aweza kuhama kutoka Temeke akaenda Kinondoni, na sanduku lake likabaki lile lile. Vivyo hivyo, barua ya mwanafunzi iliyopelekwa kwa sanduku la shule ilikuwa na maelekezo ya aina mbili juu ya karatasi moja: sanduku la shule, ambalo posta ililishughulikia, na jina la mwanafunzi, ambalo posta haikuwa na haja nalo. Jina hilo lilianza kazi pale tu kifurushi cha barua kilipofunguliwa shuleni.

Mgawanyo huu wa kazi ndio kiini cha ufundi unaoendesha vituo vikubwa vya data duniani hivi leo, ufundi wa kutia ujumbe wa mtandao mmoja ndani ya bahasha ya mtandao mwingine. Mhadhara huu unafuatilia jinsi ufundi huo ulivyozaliwa, haja iliyouzaa, na gharama yake. Hoja inayojengwa ni kwamba bahasha hizo hazikuondoa mkanganyiko wa jina na mahali, bali ziliuhamisha. Mkanganyiko ulitoka katika anwani ukaingia katika daftari linalounganisha majina na mahali, na tangu hapo suala zito si nani ana anwani gani, bali ni nani anayeshika daftari.

2. Pakiti na bahasha ya kwanza

Katikati ya miaka ya 1960, Donald Davies, mtaalamu wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, alipendekeza kwamba ujumbe unaopita baina ya kompyuta ukatwekatwe vipande vidogo, na kila kipande kisafiri peke yake. Alihitaji jina la kipande hicho. Kabla ya kuliteua, aliwauliza wanaisimu wa maabara hiyo kama neno la Kiingereza alilolifikiria lilikuwa na ndugu zake katika lugha nyingine. Kwa wanafunzi wa istilahi, kisa hiki kina mafunzo: mhandisi alikumbuka kwamba chombo kitakachovuka mipaka ya nchi hakina budi kuwa na jina litakalovuka pia. Kiswahili kililipokea neno hilo bila shida, kwa kuwa pakiti ya sigara na pakiti ya maziwa zilikwisha kuzoeleka madukani.

Wakati Davies akifikiria hayo, Paul Baran wa Marekani alikuwa amefikia wazo linalofanana nalo kwa njia yake mwenyewe. Mtandao wa ARPANET ulipitisha ujumbe wake wa kwanza tarehe 29 Oktoba 1969. Muda si mrefu ikawapo mitandao kadhaa, ya simu, ya redio na ya setilaiti, kila mmoja ukiwa na kanuni zake. Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha makala iliyoonyesha namna ya kuiunganisha. Suluhisho lao lilikuwa pakiti ya pamoja ambayo kila mtandao ungeibeba ndani ya bahasha ya kwake. Penye mpaka wa mitandao miwili, mashine maalumu ingeivua pakiti bahasha ya mtandao wa kwanza na kuivika ya mtandao wa pili. Kwa hiyo bahasha ndani ya bahasha si mbinu iliyozuka juzi. Ipo katika msingi wa intaneti, ambayo ARPANET ilihamia rasmi katika kanuni zake tarehe 1 Januari 1983.

Hata hivyo, waasisi hao waliacha deni. Mnamo mwaka 1978, John Shoch aliandika waraka mfupi uliotenganisha mambo matatu: jina ni kile kinachotafutwa, anwani ni pale kilipo, na njia ni namna ya kufika pale. Utenganisho huo ulikuwa wazi kwenye karatasi, lakini haukufuatwa katika utendaji. Anwani ya intaneti, yaani anwani ya IP, ilifanya kazi mbili kwa pamoja: iliitambulisha kompyuta kwa wenzake, na papo hapo ilionyesha kompyuta hiyo imeunganishwa sehemu gani ya mtandao. Maadamu kompyuta zilikuwa mashine nzito zisizohama chumbani mwake, deni hilo halikudaiwa.

3. Mashine isiyo na mwili

Mdai alikuja kutoka upande mwingine. Tangu miaka ya 1960, watafiti wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walikuwa wakijaribu kuifanya kompyuta moja kubwa ijifanye kompyuta nyingi ndogo, kila moja ikijiona iko peke yake. Mwaka 1972 kampuni hiyo ilitangaza mfumo wa VM/370 uliofanya hivyo kibiashara. Kompyuta hizo za kujifanya ndizo zinazoitwa hapa mashine pepe, kwa kutumia neno ambalo barua pepe imelizoesha masikioni.

Kompyuta ndogo zilipokuwa rahisi, wazo hilo lilififia kwa muda. Lilifufuliwa na kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, na baadaye na mradi wa Xen wa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliotolewa hadharani mwaka 2003. Mwaka huo huo wa 2003 VMware ilileta uwezo uliobadilisha mambo, wa kuihamisha mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine ilhali inaendelea kufanya kazi. Kumbukumbu yake hunakiliwa kupitia mtandao, husimama kwa muda mfupi mno, kisha huendelea pale ilipoishia, ikiwa juu ya seva nyingine. Mtumiaji aliyekuwa akizungumza nayo hatambui lolote.

Sharti, lakini, ni kwamba anwani yake isibadilike. Ikibadilika, mazungumzo yote yaliyokuwa wazi yatakatika, mithili ya mtu anayebadilisha namba ya simu katikati ya maongezi. Na hapo ndipo deni la miaka ya 1970 lilipodaiwa. Anwani ni jina, kwa hiyo haina budi kubaki. Anwani ni mahali, kwa hiyo haina budi kubadilika. Mhandisi hakuweza kutii amri zote mbili.

4. Uhaba wa vyumba

Njia rahisi ya kuukwepa mgongano huo ilikuwa kuziweka seva zote katika mtandao mmoja mpana wa aina ya Etheneti, uliobuniwa na Robert Metcalfe na wenzake mwaka 1973. Ndani ya Etheneti, kila kifaa hujulikana kwa namba ya biti 48 isiyoeleza mahali popote. Swichi hujifunza kifaa kipo upande gani kwa kutazama pakiti zinakotoka, na isipojua huzitawanya pande zote. Mashine pepe ingeweza kuhama humo bila kubadili anwani.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro tatu. Ya kwanza ilitokana na tawanyo lenyewe. Pakiti ikizungushwa katika mtandao wenye mduara haikomi kuzunguka. Kwa hiyo itifaki iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 huzifunga baadhi ya nyaya ili mtandao uwe na umbo la mti. Mti huo uliziokoa ofisi nyingi, lakini katika kituo cha data ulimaanisha kuacha bila kazi nyaya zilizonunuliwa kwa fedha nyingi. Kasoro ya pili ilikuwa ya kumbukumbu. Seva moja iliyokuwa na namba moja sasa ilibeba mashine pepe nyingi, kila moja na namba yake, na jedwali la swichi likajaa upesi.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyouma zaidi. Tangu Agosti 2006, Amazon ilipofungua huduma yake ya kukodisha mashine pepe, kituo cha data kilikuwa kimeanza kufanana na nyumba ya kupangisha. Wapangaji wasiojuana, na pengine wanaoshindana kibiashara, walikaa chini ya paa moja. Ilibidi kila mmoja awe na ukuta wake. Kiwango cha IEEE 802.1Q cha mwaka 1998 kiliruhusu Etheneti moja igawanywe katika mitandao mingi kwa kuweka lebo juu ya kila pakiti. Namba ya lebo hiyo ilipewa biti 12. Biti 12 hutoa namba 4,096. Mbili zimetengwa kwa shughuli maalumu, zikabaki 4,094. Mwaka 1998 hakuna ofisi iliyohitaji vyumba vyote hivyo. Miaka kumi baadaye, mwenye nyumba aliyetaka wapangaji elfu kumi, kila mmoja na vyumba kadhaa, alijikuta ameishiwa kabla hajaanza.

5. Mtandao juu ya mtandao

Mwaka 2009 yalitokea mapendekezo mawili ya kitaaluma yaliyorudi kwenye utenganisho wa Shoch. Mradi wa VL2 wa watafiti wa Microsoft uliipa kila mashine anwani ya kuitambulisha na anwani nyingine ya kuonyesha ilipo, pamoja na daftari la kuziunganisha. Mradi wa PortLand wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ulifuata njia ya jamaa hiyo. Nayo kampuni changa ya Nicira, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilikuwa ikijenga mitandao ya wapangaji kwa programu tupu, bila kugusa swichi za chini.

Mnamo Agosti 2011, wahandisi wa makampuni yaliyokuwa yakishindana sokoni, wakiwamo wa VMware, Cisco, Arista na Broadcom, walitoa kwa pamoja rasimu ya itifaki iitwayo VXLAN. Ilichapishwa Agosti 2014 kama waraka RFC 7348. Utendaji wake waweza kuelezwa kwa mfano.

Chukua mashine pepe mbili za mpangaji mmoja, A na B, zilizo juu ya seva mbili katika makabati tofauti. A inaandika pakiti kwa B kana kwamba zimo chumba kimoja. Kabla pakiti haijatoka katika seva, programu iliyoketi mlangoni huisimamisha na kutazama daftari: B ipo juu ya seva ipi? Ikishajua, huifunga pakiti nzima, pamoja na anwani zake, ndani ya bahasha mpya. Juu ya bahasha huandikwa anwani ya IP ya seva inayotuma na ya seva inayopokea. Ndani yake huwekwa namba ya mpangaji, ambayo safari hii ilipewa biti 24, yaani nafasi 16,777,216. Swichi za njiani huisoma anwani ya nje tu. Bahasha ikifika, programu ya mlango wa pili huifungua, hukagua namba ya mpangaji, na kumkabidhi B pakiti ile ile iliyotoka kwa A.

B akihamia seva nyingine, kinachobadilika ni mstari mmoja wa daftari. Anwani ya ndani, ambayo sasa ni jina tu, inabaki. Anwani ya nje, ambayo sasa ni mahali tu, inabadilika. Swichi za chini zimepumzishwa pia: hazihitaji tena kuzijua mashine pepe zote, bali seva zilizozibeba. Na kwa kuwa bahasha ni pakiti ya kawaida ya IP, hailazimiki kufuata mti wa Perlman. Yaweza kupita njia zote zilizo wazi. Wabunifu waliongeza hila ndogo yenye manufaa makubwa: namba ya mlango wa kutokea, iliyo juu ya bahasha, hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani. Kwa hiyo mazungumzo tofauti hutawanywa katika njia tofauti, ilhali pakiti za mazungumzo mamoja hufuatana bila kupitana.

6. Gharama ya bahasha

Kila bahasha ina uzito. Katika VXLAN ya kawaida uzito huo ni baiti 50: 14 za Etheneti ya nje, 20 za IP, 8 za UDP na 8 za VXLAN yenyewe. Kiasi hicho ni kidogo, lakini kimewakesha wahandisi wengi. Mzigo wa kawaida wa Etheneti ni baiti 1,500. Pakiti iliyojaa ikitiwa bahashani huzidi kipimo, na swichi za chini zisipoandaliwa huitupa kimya kimya. Matokeo yake hushangaza: salamu fupi hupita, lakini faili kubwa hukwama, na anayepima mtandao kwa ujumbe mdogo huona kila kitu ni kizima. Dawa ni mbili, ama kupanua kipimo cha mtandao wa chini, ama kuziamuru mashine pepe zitume pakiti zisizozidi baiti 1,450.

Gharama ya pili ni ya uangalizi. Fundi anayesimama kwenye swichi ya chini huona seva zikipelekeana bahasha zinazofanana. Nani anazungumza na nani, hajui mpaka azifungue. Mpangaji naye huona mtandao wake mdogo ulio mnyoofu, wala hajui kwamba chini yake kuna nyaya zilizoelemewa. Hitilafu ikitokea baina ya tabaka hizo mbili, kila upande una ushahidi wa kweli kwamba si wake.

Gharama ya tatu mara nyingi husahauliwa. Bahasha si kufuli. VXLAN haifichi yaliyomo kwa fumbo lolote. Aliye na uwezo wa kushika waya wa chini aweza kuyasoma, na aliyeruhusiwa kuingiza pakiti humo aweza kughushi namba ya mpangaji. Waraka wa 2014 wenyewe unaonya juu ya hatari ya anayejipenyeza kutokea ndani, na kuelekeza kwamba penye haja, usimbaji uongezwe kwa njia nyingine. Ukuta baina ya wapangaji ni wa lebo, na lebo huheshimiwa na wale tu waliokubaliana kuiheshimu.

7. Mashindano na daftari

VXLAN haikuwa peke yake. Microsoft na washirika wake walipendekeza NVGRE, iliyochapishwa mwaka 2015 kama RFC 7637. Nicira ilikuwa na STT. Mwaka 2012 VMware ilitangaza kuinunua Nicira kwa takriban dola bilioni 1.26, bei iliyoonyesha kwamba thamani ilikuwa imeanza kuhama kutoka kwenye vyuma na kuingia katika programu inayoshika daftari. Baadaye itifaki ya Geneve, RFC 8926 ya Novemba 2020, iliacha nafasi ya taarifa za ziada juu ya bahasha, ili kila haja mpya isilazimishe kubuni bahasha mpya. Kwa upana wa matumizi, hata hivyo, VXLAN ndiyo iliyotawala.

Swali kubwa zaidi lilihusu daftari. VXLAN ya awali ililijaza kwa desturi ile ile ya Etheneti: usipojua, tawanya kwa wote, kisha jifunze kutokana na jibu. Njia hiyo ilirejesha kelele iliyokusudiwa kukimbiwa. Wengine waliliweka daftari mikononi mwa programu moja ya usimamizi, wakapata utaratibu pamoja na hatari ya kutegemea shina moja. Wengine, kwa mfumo wa EVPN uliowekewa kanuni kati ya 2015 na 2018, waliligawa daftari: kila mlango hutangazia wenzake mashine ilizo nazo kwa kutumia BGP, itifaki ambayo nchi na makampuni hutumia kutangaziana njia za intaneti. Njia hizi zote ni majibu kwa swali moja: neno la nani liaminiwe anaposema kwamba jina fulani lipo mahali fulani?

8. Afrika Mashariki na swali la mahali

Nyaya za baharini zilipofika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, wazungumzaji wa Kiswahili waliingia kwa wingi katika nyumba hizo za kupangisha. Wengi walipanga ng'ambo, kwani nyumba zilikuwa huko. Mwaka 2020 Amazon ilifungua vituo vyake vya Cape Town, na katika miaka hiyo vituo vya umma na vya binafsi viliongezeka Nairobi na Dar es Salaam.

Sheria nazo zikafuata. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zote mbili zina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Sheria hizi, kwa maneno mengine, zinauliza kuhusu mahali, ilhali ufundi ulioelezwa hapa ulibuniwa ili mpangaji asilazimike kujua mahali. Mwenye mashine pepe huona anwani ya ndani, ambayo haimwambii lolote kuhusu jengo wala nchi. Anayeweza kujibu ni mwenye daftari, na mara nyingi mwenye daftari ni kampuni, wala si mpangaji wala mdhibiti. Sheria inayoandikwa bila kumtaja mshika daftari yaweza kumwadhibu asiyejua na kumwacha anayejua.

Hapa sarufi ya Kiswahili ina msaada wake. Lugha hii hairidhiki na neno moja la mahali. Hutofautisha pa-, ku- na mu-. Mteja husema data zake ziko kule, na hasemi zaidi. Mtandao wa juu husema zimo humu, ndani ya bahasha ya mpangaji fulani. Sheria hutaka kujua zipo pale gani hasa. Majibu yote matatu yaweza kuwa ya kweli kwa wakati mmoja, na mkataba uliotafsiriwa kwa Kiswahili bila kuchagua kati yake utakuwa umeacha mlango wazi.

9. Hitimisho

Historia hii ya takriban nusu karne yaonyesha kwamba tatizo lililotajwa kwenye waraka wa 1978 halikutatuliwa kwa kubuni anwani bora, bali kwa kuzikubali anwani mbili na kuweka bahasha katikati yake. Ushindi huo ni wa kweli: mashine huhama bila kukata mazungumzo, na vyumba 4,094 vimekuwa zaidi ya milioni 16. Deni, lakini, limehamia kwenye daftari. Wanaounda istilahi, wanaotafsiri mikataba na wanaoandika sheria kwa Kiswahili wana wajibu wa kutenganisha maneno matatu ambayo mazoea huyachanganya: jina la mashine, mahali ilipo, na daftari linalounganisha hayo mawili. Mpangaji akishapewa maneno hayo, ataweza kumuuliza mwenye nyumba swali lililo sahihi, na kudai jibu.